Kisiki cha Kiranja

Mwaka ule tulikula unga wa njano. Anayetaka tarehe akaulize wenye vyeti, mimi miaka naishika kwa tumbo. Ulikuwa baada ya mwaka wa makopa ya muhogo na kabla ya mwaka ule chumvi ilipoadimika, mpaka watu wakawa wanatembeleana ili waonje mboga ya jirani. Mvua ziligoma, mahindi yetu meupe yakaisha ghalani, yakaletwa ya njano kutoka nchi za watu. Ugali wake ulinuka gunia. Ukiubonyeza haushikani, ukiuacha upoe unakuwa tofali. Na katika shule yetu ya bweni ya wasichana, huko upande wa Iringa, ugali huo ulikuja mezani na maharage yenye wenyeji wake. Wadudu, wanaelea.

Mlangoni mwa bwalo alisimama Kiranja.

Jina analo, tena zuri. Silitaji, maana hatujawahi kulitumia. Tangu siku zile hatujamwita kitu kingine, na hata mumewe alimwita Kiranja mpaka siku alipokata roho. Alikuwa wa darasa letu, ila alituzidi umri kwa sababu kwao walichelewa kumpeleka shule. Mrefu, mifupa mikubwa, miguu kama mihimili, na sauti ambayo haikuhitaji kupandishwa. Akisema "mstari", hata mbuzi wa mlinzi walikaa sawa.

Kiranja alikula wa mwisho. Wasichana wote tulipita mbele yake na sahani za bati, yeye anatazama. Aliyejikatia pande kubwa aliambiwa rudisha. Aliyekuwa na homa aliongezewa kabla hajaomba. Tukishamaliza, yeye anakwangua ukoko kwenye sufuria. Mimi nilidhani ni maringo ya kujifanya mtakatifu. Sasa nimekula kwake Mafinga mara nyingi, nyumba ina friji, ina kuku, ina wajukuu waliovimba mashavu, na bado mama yule anakaa na kigoda chake karibu na mlango wa jikoni, anakula wa mwisho, tena ukoko. Nilimwambia, Kiranja, njaa ilikwisha. Akasema ukoko ndio ugali, huo mwingine ni mvuke tu.

Msidhani alikuwa mpole. Sichori malaika hapa. Mwezi wa sita Iringa asubuhi nyasi zinakuwa nyeupe kwa baridi, na yeye alitutoa vitandani kwa kuhesabu hadi tano. Akifika sita bado umelala, ndoo ya maji inakukuta. Mkono wake ulilijua sikio la kila mmoja wetu. Jumapili moja alinitoa kanisani kwa sababu soksi zangu hazikufanana, nami duniani nilikuwa na soksi mbili tu, moja yangu na moja ya kuazima. Kuomba radhi hajui, mpaka leo hajui. Akikukosea hasemi, anakuletea kitu. Baada ya habari ya soksi nilikuta limau na kipande cha sabuni chini ya mto wangu. Nilipomtazama, aliniuliza kama nimekosa kazi.

Halafu kuna lile daftari. Waliosoma shule zetu wanalijua. Mwalimu akitoka darasani, kiranja anaandika wapiga kelele, na mwalimu akirudi, walioandikwa wanachapwa. Wapo viranja waliolipenda daftari hilo kuliko Biblia. Mmoja wa darasa la juu yetu aliandika hadi mtu aliyekuwa zahanati. Kiranja wetu yeye alitunyamazisha kwa mdomo wake na kwa viganja vyake, migongo ikawaka moto. Mwalimu akirudi na kufungua daftari, anakuta jina moja. Lake mwenyewe. Siku ya kwanza mwalimu wa hesabu alicheka. Siku ya pili akataka maelezo. Kiranja akamwambia kwamba aliyepiga kelele kuliko wote ni yeye, wakati anatunyamazisha. Ilikuwa kweli tupu. Akala viboko viwili vya mkononi, akarudi kukaa, akatugeukia na kutuambia fungueni ukurasa wa kumi na nane. Muhula haukuisha, mwalimu akaacha kulifungua daftari.

Sasa niseme la maharage, maana limesemwa sana na watu ambao hawakuwepo.

Ilikuwa wiki ya tatu ya wadudu, Alhamisi, mchana. Mimi ni mtoto wa Iyunga, kule Mbeya. Kwetu maharage yanachaguliwa punje kwa punje kwenye ungo, na mama yangu angeona yale angemwagia aliyeyapika. Nilitazama sahani yangu, mdudu mmoja alikuwa anapanda ukingo kama mtu anayetoka mtoni. Nikainuka. Nikabeba sufuria ya meza yetu kwa upindo wa sketi, nikapita mlangoni mbele ya Kiranja, nikakatiza uwanja, nikaimwaga yote kwenye ngazi ya ofisi ya Mkuu wa Shule. Sikuita mtu. Nilipogeuka, nyuma yangu zilikuwa zinakuja sufuria kumi na moja.

Kiranja hakumzuia yeyote. Aliinua mguu mmoja tu, ili mchuzi usimwagikie kiatu.

Mkuu wetu alikuwa mwanamke mwenye miwani, mwaminifu, hakula senti ya mtu, lakini aliwaogopa wakubwa wa mkoani kuliko alivyotuonea huruma. Alitupanga juani. Akauliza nani alianza. Kimya. Jua likahama kutoka paji la uso hadi kisogoni. Ndipo akamwita Kiranja mbele, akampa karatasi na kalamu, akamwambia yeye alikuwa mlangoni, ameona wote, aandike kuanzia wa kwanza.

Kiranja aliipokea karatasi kwa mikono miwili. Akairudisha kwa mikono miwili, kwa adabu zote, kama anayerudisha sahani ya mgeni.

"Andikeni langu. Mengine siyajui."

Mkuu akauliza tena, safari hii kwa Kiingereza, ili ionekane jambo ni zito. Kiranja akajibu kwa Kiswahili kile kile, neno kwa neno, hakupunguza na hakuongeza.

Akavuliwa beji pale pale. Akapewa kisiki. Nyuma ya bweni letu kulikuwa na kisiki cha mkaratusi, kipana kama meza ya watu sita, kila mwaka walitishia watoto nacho na hakuna aliyewahi kukitoa. Akaambiwa hakuna darasa mpaka kitoke. Akapewa jembe, panga, na shoka lenye mpini wa kuchezacheza.

Dirisha la darasa letu lilitazama huko. Siku ya kwanza alichimba mzunguko. Siku ya pili akaingia shimoni hadi magotini. Siku ya tano tukawa tunaona kichwa na mabega, na lile shoka linapanda na kushuka. Mwalimu anafundisha mito ya Afrika, mimi nasikia shoka. Kila pigo lilikuwa linaniita kwa jina. Wenzangu wenye zile sufuria kumi na moja waliniambia ninyamaze, yatapita, Kiranja ana nguvu kama ng'ombe. Nilinyamaza siku nane. Siku ya tisa, asubuhi, niliinuka katikati ya kipindi, nikaenda ofisini, nikasema, "Ni mimi."

Mkuu hakunishukuru hata kwa kope. Kabla ya saa ya chai sanduku langu la bati lilikuwa barabarani, nami nangojea basi la Mbeya. Kutoka pale nilikiona kichwa cha Kiranja kikiinuka shimoni. Alinitazama. Hakupunga mkono. Nikasema moyoni, ananishukuru, nimemtoa. Shukrani ile niliibeba hadi nyumbani kama zawadi.

Kidato cha pili, nusu ya muhula. Shule yangu iliishia hapo. Baba alinikabidhi jembe, akasema nilichokuwa nakikimbia nimekifuata mwenyewe. Sawa. Nimelima viazi, nimeuza viazi, nimezaa watoto watano na wote wamesoma kunizidi, nimejenga nyumba ya tofali za kuchoma ambayo wenye vyeti wanapita wanauliza ni ya nani. Ni yangu. Mwandiko wangu huu mnaousoma ni wa nusu ya kidato cha pili, na hamjakwama popote.

Nyumba hiyo ndiyo iliyonirudisha kwa Kiranja. Ilipofika kwenye kupaua, fundi alisema mbao za kutufaa niende nikazichukue Mafinga, kwenye misonobari. Ilikuwa imepita miaka zaidi ya ishirini. Nikafika kwenye kiwanja cha mbao, nikakuta mama mkubwa kakaa juu ya rundo anagombana na mteja. Mteja anataka kununua, yeye anamkatalia. Anamwambia ubao ule ni mbichi, utapinda kabla fundi hajashuka ngazi, asubiri mwezi mmoja au aende kwa jirani akadanganywe. Sauti haikupandishwa. Nikaijua.

Naye aliniona. Nilifungua mikono nikijua tutakumbatiana. Hakushuka kwenye rundo.

"Wa Iyunga," akasema. "Mjinga wewe."

Nikabaki na mikono hewani.

"Kilikuwa kimebaki mzizi mmoja. Mmoja. Jioni ile ile ningeukata. Ungenyamaza mpaka jua lizame tu, ungemaliza shule."

Nilikaa juu ya mbao za watu. Sikulia, mimi si wa kulia mbele ya wateja. Lakini nawaambieni, miaka ishirini na zaidi nilikuwa nimebeba shukrani, kumbe lilikuwa jicho la hasira. Alichimba siku tisa ili mimi nibaki darasani, nami nikaenda kujitoa mwenyewe asubuhi ya mwisho. Na adhabu yake haikufutwa. Mkuu alisema kazi iliyoanzwa imalizwe. Jioni, basi langu likiwa limeshapita Makambako, Kiranja aliukata ule mzizi peke yake na kurudi darasani, na kiti changu kilikuwa kitupu.

Nikamwambia sijuti. Akasema hakuuliza kama najuta. Kisha akashuka, akanichagulia mbao za paa langu moja moja, anazilaza chini, anafumba jicho moja, anatazama urefu wake, anazitupa zenye kasoro. Mwisho akaongeza mbili ndefu ambazo sikuziomba. Nikauliza za nini. Akauliza kama nimekosa kazi. Zipo juu ya kichwa changu hadi leo, hazijapinda.

Tangu hapo tukawa watu wa kwenda na kurudi. Nikienda Iringa lazima nishuke Mafinga, akija Mbeya analala kwangu na kunikosoa namna ninavyofunga mlango. Nimemchunguza sana, na bado hajai kwenye debe moja. Ni mzee wa kanisa, Mlutheri wa kiti cha mbele, anaimba vibaya kwa sauti kubwa mpaka kwaya inapotea. Lakini masika yakifika, ulanzi ukianza kuchuruzika kwenye mianzi, bilauri yake inajulikana ilipo. Anawasema wanaume wavivu asubuhi hadi jioni, na alimwuguza mumewe miaka minne bila kumruhusu mtu mwingine hata amkate kucha. Uongo anauchukia kama mchwa. Mteja akimdanganya urefu wa chumba ili apunguziwe mbao, hamuuzii tena, hata akija na mchungaji.

Kwa hiyo siku moja nilimbana. Nikamwambia, mzee wa kanisa, wewe ulisema huyajui majina, na uliyajua yote kumi na mbili, na la kwanza lilikuwa langu. Huo si uongo? Alikuwa na bilauri mkononi. Alikunywa, akafuta mdomo kwa kitenge.

"Walitaka niwe jicho lao," akasema. "Jicho langu mimi ni la kutazama ninapokanyaga."

Nikaukumbuka ule mguu alioinua mlangoni. Nikaacha.

Mwaka juzi wenzetu wa darasa walitafutana, wakaanzisha grupu kwenye simu. Bibi watu wazima, tumejaa humo kama viazi kwenye gunia. Picha za magoti yaliyofanyiwa upasuaji, picha za wajukuu waliohitimu, sala ndefu asubuhi, na umbea. Kiranja haandiki. Anatuma sauti, neno moja: "Nimesikia." Siku moja mtu akauliza nani anamkumbuka yule aliyemwaga maharage. Vikatumwa vile vikatuni vya kucheka, thelathini na zaidi. Hakuna aliyetaja jina. Wenye sufuria kumi na moja nao walicheka, nikawaona mmoja mmoja, na wote wamestaafu vizuri.

Mwenyekiti wa grupu ni mwanamke msafi, aliyekuwa mkubwa ofisini, bado anaongea kama ana katibu muhtasi pembeni. Alihamia kwetu kidato cha tatu, kwa hiyo hayo ya maharage aliyakuta hadithi. Yeye ndiye aliyeleta wazo la ubao. Ubao mmoja mkubwa utundikwe bwaloni, wenye majina ya darasa letu, wasichana wa leo wautazame wakila. Wazo zuri. Kiranja akatoa mbao, na hakutoa msonobari. Alisema msonobari ni laini, akaranda mkaratusi. Halafu Mwenyekiti akatuma utaratibu: wataandikwa waliohitimu. Walioishia njiani hawataandikwa.

Nitawaambia ukweli kwa sababu sina sababu ya kuuficha. Ningesema ubao siutaki, ningekuwa mwongo. Mjukuu wangu anasoma shule ile ile sasa, yuko kidato cha pili, anakula bwalo lile lile. Nilimsomesha kwa viazi vyangu na nilimpeleka mwenyewe siku ya kuripoti, nikapita kwenye ile ngazi ya ofisi nimeinua shingo. Aliposikia habari ya ubao akanipigia kwa simu ya matroni. "Bibi, jina lako litakaa wapi, juu au chini?" Nikamwambia atakuja kuona mwenyewe.

Tulikutana mwezi wa nane mwaka jana, bwaloni. Paa wamebadilisha, meza ni zile zile. Tulikula ugali mweupe kama ukuta wa kanisa, na kuku, na maharage yaliyochaguliwa. Mmoja akasema leo wenyeji hawapo, tukacheka hadi machozi. Kiranja alikaa karibu na mlango na fimbo yake, akangoja wote tuchukue, akauliza kama kuna ukoko. Ameisha mwili. Sikio la kushoto limeliwa na mashine ya kupasulia mbao. Lakini alipogonga fimbo chini mara moja ili mkutano uanze, wanawake wazima wenye vyeo vyao walinyoosha migongo.

Ubao ulikuwa umeegemezwa ukutani, umepigwa msasa unang'aa, mtupu. Mchoraji wa herufi alikuwa nje anasubiri orodha. Mwenyekiti akasimama, akaeleza kwamba amekwenda kutafuta rejista ya zamani, amekuta mchwa wameimaliza, imebaki jalada. Kwenye grupu kila mtu anadai alimaliza. Kwa hiyo anahitaji shahidi mmoja anayeaminika. Akaja na karatasi na kalamu mpaka alipokaa Kiranja, nami nimekaa ubavuni pake.

"Kiranja, wewe ndiwe mwenye kumbukumbu," akasema. "Hatuna ubaya na mtu, ni utaratibu tu. Tuandikie walioishia njiani, tuwaondoe."

Waliojua walianza kutazama viatu vyao. Viatu vizuri. Nilihesabu nyuso nne za zile sufuria, hakuna uliokutana na wangu. Damu ikanipanda. Nikasema moyoni, mimi sijawahi kungoja kutajwa, na leo sitangoja. Nilishikilia meza, nikaanza kuinuka, maneno yale yale ya ofisini yakiwa yamefika kwenye meno.

Mkono mzito ukatua gotini pangu, ukanikalisha.

"Kaa," Kiranja aliniambia chini chini, bila kunigeukia. "Umebaki mzizi mmoja."

Nikakaa. Mara ya kwanza maishani mwangu nikanyamaza hadi mwisho.

Akaipokea karatasi kwa mikono miwili. Akairudisha kwa mikono miwili.

"Andikeni langu. Mengine siyajui."

Mwenyekiti alisimama na karatasi yake. Akautazama ubao uliotoka kwenye mikono ya mwanamke yule, akaitazama kalamu, ambayo ikiandika itamwondoa mwenye ubao. Nafikiri alijiambia kwamba bibi hajasikia vizuri, maana alizunguka upande wa pili, akainama kwenye sikio zima, akarudia swali lote pole pole, neno moja moja, kama anamfundisha mtoto kusoma.

Kiranja alimngoja mpaka akamaliza.

"Andikeni langu. Mengine siyajui."